Spoku Arobaini za Kwenda Butiama

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya Phoenix lina spoku 40, la mbele lina 32. Uzito wa mwendeshaji na mzigo wake hulalia nyuma, ndiyo maana nyuma zikaongezwa spoku nane. Mpangilio huo ulianza Uingereza kwenye baiskeli za kina Raleigh, ukaigwa India na China, ukafika Usukumani. Hadi leo ukisimama barabarani Igoma, Kisesa au Magu, mkoani Mwanza, utaona baiskeli imepakia magunia ya mkaa, au madumu ya maziwa, au mama na mtoto na kuku wao, na vyote hivyo vinashikwa na vijiti vya chuma ambavyo unene wa kila kimoja ni milimita mbili hivi. Sijui chuma kingine chepesi namna hiyo kinachofanya kazi kubwa namna hiyo kando ya ziwa letu la Victoria.

Anayezijua spoku hizo kwa undani ni fundi mmoja wa Igoma, mzee mwenye kijiwe chini ya mwembe kando ya barabara ya Musoma. Nimekaa kwenye benchi lake asubuhi nyingi, nikimsindikiza mwalimu wa shule ya msingi, binti wa jirani yetu wa zamani, aliyeamua kunyonga baiskeli kutoka Mwanza hadi Butiama. Huyu binti hajawahi kwenda mbali kwa baiskeli kupita safari ya nyumbani na kazini. Lakini kila mwaka husikia habari za msafara wa Twende Butiama, ule wa waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam kumuenzi Mwalimu Nyerere, na moyo wake ukatamani. Nchi nzima hana uwezo nayo bado. Kipande cha kwao anakiweza, alisema, kama kilomita 200. Tena kipande hicho kina historia yake: Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere mwenyewe alikitembea kwa miguu, akitoka Butiama kuja kwenye mkutano wa TANU Mwanza.

"Naye alikuwa mwalimu, nami ni mwalimu," binti alisema. Mama yake hakuwa na jibu.

Siku ya kwanza tulipofika kijiweni mzee alikuwa anapiga kiraka.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Karibuni benchi."

Mwalimu akaeleza safari yake. Nyumbani kila mtu alikuwa amemuuliza anakwenda na nani, na kama mumewe amekubali. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Utabeba nini?"

"Nguo, baba, maji, chakula, na vitabu vichache vya kuwaachia watoto wa shule kule."

"Vitabu ni vizito. Basi tuanze na gurudumu la nyuma."

Kazi aliyoifanya kwenye gurudumu hilo ndiyo iliyonifanya nirudi tena na tena, hata siku ambazo mwalimu alikuwa darasani. Nitaieleza taratibu, kwa sababu yenyewe hufanywa taratibu.

Wengi hudhani spoku za chini hubeba kwa kukandamizwa. Spoku haiwezi kukandamizwa: ishike ncha zote mbili uisukume, itapinda papo hapo. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Gurudumu lililofungwa vizuri, kila spoku imevutwa kwa nguvu kati ya habu na ringi, na mwendeshaji akikaa kitini, zile zilizo chini kwa wakati huo hulegea kidogo, kisha hukaza tena zinapopanda. Tairi la inchi 28 husogea mita 2.2 hivi kwa mzunguko mmoja. Piga hesabu hadi Butiama: gurudumu litazunguka takriban mara 90,000, na kila spoku italegea na kukaza mara hizo hizo 90,000. Spoku yenye mvuto wa kutosha haijali. Iliyolegea hucheza, ikachoka pale ilipokunjwa kuingia kwenye habu, na hatimaye hukatika hapo hapo kwenye kona, mara nyingi mahali pasipo na fundi. Ikikatika moja, jirani zake hubeba sehemu yake, nazo huchoka kabla ya wakati.

Mzee hana mashine. Hugeuza baiskeli miguu juu, ikasimama kwa kiti na usukani. Hushika kipande cha chaki, huegemeza kiganja kwenye fremu ili mkono usitikisike, kisha huzungusha gurudumu polepole huku akisogeza chaki hadi iguse ringi. Chaki huacha alama pale tu ringi ilipojitokeza. Kama imevutwa kulia, hulegeza spoku za kulia za sehemu hiyo kwa robo ya mzunguko wa spana, hukaza za kushoto kwa robo, hufuta alama kwa kidole gumba, huzungusha tena. Robo, kisha anatazama. Robo nyingine, anatazama. Akimaliza upande kwa upande hugeukia mruko wa juu na chini, ambao ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo hukaza kulia na kushoto kwa pamoja ili ringi ivutwe kuelekea katikati, na kila anapogusa mruko, unyoofu alioutafuta mwanzo huharibika kidogo, naye hurudi kuurekebisha. Hanuni, hasonyi. Nimemwona akirudia sehemu moja ya ringi hadi nikachoka mimi niliyekaa.

Vijana wa vijiwe vya jirani hupiga nusu mzunguko, mara nyingine mzima, na gurudumu lao hutoka limenyooka pia. Tofauti huja baadaye. Ringi inaweza kunyooka kwa macho wakati spoku moja imevutwa kupita kiasi na ya pembeni yake haina kazi. Zimepatana kwa muda tu. Pakia mkaa, pita kwenye makorongo, mapatano yale huvunjika. Mzee hugundua jambo hilo kwa sikio. Hupitisha ukucha kwenye spoku moja baada ya nyingine, akisikiliza kama mpiga zeze anayetafuta sauti kabla ya ngoma. Upande mmoja wa gurudumu unapaswa kutoa sauti inayokaribiana kuanzia spoku ya kwanza hadi ya mwisho. Na pande mbili za gurudumu la nyuma hazilii sawa: friwili imechukua nafasi upande wa mnyororo, spoku za huko zimesimama wima zaidi, hivyo lazima zivutwe zaidi kuliko za upande wa pili, na sauti yao ni ya juu. Aliniita nisikilize. Mara ya kwanza nilisikia chuma tu. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuzitenga sauti, na ninaamini yeyote anayekaa pale na kunyamaza atazisikia.

Mwisho hushika spoku mbilimbili zilizo sambamba, akazibana kwa kiganja kwa nguvu zake zote, akizunguka gurudumu zima. Hulia tik, tik. Spoku mpya huingia ikiwa bado haijakaa sawasawa kwenye tundu lake la habu, na wakati wa kukaza hujinyonga kidogo. Isipobanwa hivyo, itajinyoosha yenyewe barabarani na kupoteza mvuto. Baada ya kubana hurudi tena kwenye chaki, tangu mwanzo. Hapo ndipo vijana wengi huishia njiani, kwa kuwa mteja ameshaona gurudumu limenyooka na ameshatoa pesa mfukoni.

Kazi hii mzee aliirithi. Baba yake alitengeneza baiskeli za wakulima wa pamba Kwimba, enzi ambazo pamba ilikuwa pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vilivyojengwa na kina Paul Bomani viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na fedha za mavuno zilipoingia kijijini, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo ambavyo mkulima alivitamani. Ilibeba pamba kwenda kituo cha kuuzia, ilibeba mgonjwa, ilibeba bibi harusi. Shinyanga baiskeli za abiria zilikuwa nyingi kiasi kwamba watu waliziita daladala. Pikipiki zilikuja zikachukua abiria, lakini mizigo mingi ya wanyonge bado iko kwenye keria, na fundi anayeweza kufunga gurudumu la kubeba kilo mia moja bado ana kazi.

Baada ya gurudumu mzee alimgeukia mwendeshaji. Mwalimu alikuwa amezoea kiti cha chini, ili miguu yote miwili iguse ardhi akisimama. Mzee alimweka kitini, mimi nikishika usukani, akamwambia aweke kisigino kwenye pedali iliyoshuka hadi chini kabisa. Goti lilikuwa limekunjika sana. Akapandisha kiti hadi mguu ukanyooka, akakaza nati. "Sasa weka unyayo wa mbele, sio kisigino." Goti likabaki na mkunjo mdogo, kama inavyotakiwa. Kwa kiti cha chini magoti hufanya kazi yamebanwa, na maumivu ambayo kwenye safari ya kwenda sokoni hayaonekani, kwenye safari ya kutwa nzima humshusha mtu. Mwalimu aliogopa urefu ule siku mbili tatu, kisha akazoea kutelemka kitini kabla ya kusimama.

Mazoezi hakufundishwa na mzee. Alifundishwa na muuza maziwa ambaye mzee alimtafutia. Mtu huyo hutoka upande wa Kisesa kabla ya mapambazuko na madumu yake, na hajawahi kusikia neno lolote la wanamichezo, lakini kila alichosema kocha yeyote angekikubali. La kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, ukipita watu ukashindwa kuwasalimia vizuri, unakimbia sana. Punguza." Salamu za Kisukuma si fupi. Anayeweza kuzitoa na kuzipokea huku ananyonga, pumzi yake imekaa pale inapopaswa kukaa kwa safari ya mchana kutwa. La pili, mlima ukiwa mkali, telemka usukume. Hakuna aibu, nguvu unayoimaliza kwa kubishana na kilima kimoja itakosekana baada ya saa tatu. La tatu, usisubiri njaa.

Kwa hiyo walianza na Igoma hadi Kisesa na kurudi, jioni baada ya kazi. Jumamosi moja wakafika Nyanguge. Polepole safari ya Jumamosi ikarefushwa, kila baada ya muda wakiacha wiki moja nyepesi, hadi siku alipokwenda Magu na kurudi bila kulala mchana wake. Wanaoanza huharakia hapa. Moyo na mapafu hujenga uwezo katika wiki chache, na mtu hujiona ameiva, lakini kano za goti na za kisigino huchukua miezi. Ndiyo maana waanziaji wengi huumia wakati ule ule wanapojisikia vizuri. Mwalimu alitaka kwenda Lamadi mwezi wa pili. Muuza maziwa alikataa, akamwambia akitaka aende peke yake, na binti akatii.

Chakula chao kilinifurahisha. Maduka ya mjini yanauza vipakiti vya nguvu kutoka ng'ambo, lakini Usukumani viazi vitamu hukaushwa tangu zamani: michembe ikiwa vimekatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa ikiwa vimechemshwa kwanza. Matobolwa ni mepesi, hayaharibiki kwenye begi, hutafunwa ukiwa juu ya baiskeli, na ni wanga mtupu. Akiba ya wanga iliyomo mwilini, kwa kazi nzito, hutosha saa mbili hivi, na ikiisha miguu hukataa ghafla hata kama nia ipo. Tonge la matobolwa kila nusu saa, karanga kidogo, ndizi ukizipata. Maji yaliyochemshwa, na chupa moja ya mchanganyiko tunaowapa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Jasho hutoka na chumvi, na maji matupu hayarudishi chumvi.

Kuhusu upepo muuza maziwa alikuwa na elimu ambayo mimi, mzaliwa wa hapa, sikuwahi kuipanga kichwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji; hewa ya nchi kavu hupanda, ya ziwani huja kujaza nafasi. Kwa hiyo asubuhi na mapema pametulia, na alasiri ziwa linapuliza. Anayekwenda Lamadi, kisha Bunda, ana Ghuba ya Speke kushoto kwake karibu njia nzima, na kwetu mwendo ni upande wa kushoto wa barabara. Basi upepo wa alasiri mara nyingi utampiga ubavu wa kushoto na kumsukuma kuelekea katikati, yaliko mabasi na malori. Dawa yake ni kuondoka saa kumi na moja alfajiri na taa mbele na nyuma, jua lichomoze karibu saa kumi na mbili na nusu ukiwa umeshakata mji, na saa saba uwe umeshuka. Mwalimu amefunga kioo kwenye usukani. Amejifunza pia kushuka kwenye lami mapema, kabla lori halijampigia honi, akichagua mahali ambapo ukingo wa lami haujaliwa.

Watu wa safari ndefu huko Ulaya wana utaratibu wao, ambamo safari ya kilomita 200 hutakiwa kumalizika ndani ya saa 13 na nusu, bila gari la msaada. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye baiskeli isiyo na gia na vitabu kwenye keria, siku mbili ni mpango wa heshima. Atalala Lamadi. Siku ya pili atapita ukingo wa Serengeti, ambako nyani hukaa barabarani na ambako hapaswi kukutwa na giza, avuke Mbalageti na Grumeti, mito inayotoka mbugani kuingia ziwani, afike Bunda chini ya mlima Balili, kisha Makutano, akate kulia kwenda Butiama. Ameandika vituo vyote kwenye daftari la maandalio ya somo, na pembeni ya kila kimoja mahali pa kupata maji.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Nilitazama kwenye simu pale pale kijiweni, vijana wamejazana mabegani mwangu. Mzee aliangalia kidogo. Kilichomvutia ni magari ya ufundi yaliyofuata nyuma yakiwa na magurudumu ya akiba juu ya paa: mtu akipata pancha, hubadilishiwa, huendelea. "Wa kwetu hana gari," alisema, akamwita mwalimu, akafungua spoku nne kwenye ringi kuukuu na kumkabidhi spana.

Tangu siku hiyo mwalimu anafundishwa ufundi wenyewe. Kutoa tairi bila kubana tyubu. Kuparuza mpira, kupaka solusheni, na kungoja ikauke kabla ya kubandika kiraka, kwani kiraka kilichobandikwa na haraka huachia kwenye joto la lami. Kupachika spoku kwa kuifuata njia ya wenzake, ipite chini ya ile ya mwisho inayokutana nayo. Kunyoosha ringi njiani bila chaki, kwa ncha ya ukucha iliyoegemezwa kwenye fremu. Gurudumu lake la kwanza lilitoka limepinda zaidi kuliko alivyolipokea. Mzee alilegeza zote, akasema, "Anza." La pili lilizunguka bila kugusa breki. Nilimwangalia anavyopitisha ukucha kwenye spoku, kichwa kimeinama upande, robo, tazama, robo, na nikamtambua aliyemfundisha.

Ninathamini sana waendeshaji waliojaa kwenye picha za mashindano. Lakini nikiulizwa ni nani bingwa wa safari ndefu Kanda ya Ziwa, nitamtaja muuza maziwa, ambaye husafiri kila siku ya Mungu na mzigo, na nitamtaja mzee wa Igoma, ambaye magurudumu yake yamefika sehemu asizowahi kufika yeye. Elimu yao haijaandikwa popote. Inatoka mkono kwa mkono, na vijana wanaokaa kuipokea ni wachache kuliko wanaokwenda kujifunza pikipiki.

Mwalimu ameomba ruhusa kwa mkuu wake wa shule. Anataka awe Butiama tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aone kaburi la Mwitongo na makumbusho, kisha arudi kwa basi, baiskeli ikiwa juu. Mzee ameongeza madigadi, kwa kuwa vuli huanza kunyesha miezi hiyo.

Nawe unayesoma, kama una nia ya safari ya Oktoba, usimpelekee fundi baiskeli usiku wa kuamkia safari. Mpelekee Agosti. Spoku mpya hulegea kidogo katika safari za mwanzo na lazima zisikilizwe tena, zikazwe tena. Na akikutajia bei ya gurudumu zima, mlipe hiyo hiyo.